Feni ya umeme kwenye Pijo 504: ya Spal, ya Kichina, ya mtumba kutoka Camry, au ibaki ile ya kiwandani?

Kabla hujatoa hela ya feni yoyote, jiulize gari lako linachemsha wakati gani. Kama mshale wa temperecha unapanda kwenye foleni, au unapojikongoja mlimani nyuma ya lori, halafu unashuka wenyewe ukipata barabara nyeupe, basi feni inahusika. Kama unapanda ukiwa kwenye spidi 80, barabara tambarare, hata ukifunga feni tatu hutapona. Kwenye mwendo huo upepo wa barabara unaopita kwenye rejeta ni mwingi kuliko wowote ambao feni ingevuta. Hapo mtafute mchawi kwingine: rejeta imeziba, themostati imekwama, pampu ya maji imelika mapanga yake, au gasketi ya silinda hedi imeanza kupitisha moto kwenye maji.

Nalisema hili mwanzo kabisa kwa sababu mimi sikuambiwa. Gari langu ni Pijo 504 ya petroli, injini ya cc 1,971, nililoachiwa na baba mdogo likiwa zima ila limechoka. Lilipoanza kuchemsha nikakimbilia feni. Nikafunga, likachemsha tena. Ndipo nikampelekea fundi rejeta pale Gerezani, Dar. Akafungua tenki la juu, akachukua kipande cha waya mwembamba akajaribu kukipitisha kwenye mirija. Mrija wa kwanza, hakipiti. Wa pili, hakipiti. Wa tano kikaingia nusu kikatoka na tope la kahawia, zito kama ugoro uliolowa.

"Kaka, hapa maji hayapiti," akaniambia. "Sasa upepo utapoza nini?"

Kwa hiyo safisha rejeta kwanza. Kama huna muda wa kuipeleka, azima kile kipima joto cha mkononi kinachoshikwa kama bastola, washa gari mpaka lipate moto, kisha kipitishe juu ya rejeta kidogo kidogo. Palipo na ubaridi katikati ya joto, mirija ya hapo imeziba. Ukishamaliza hilo ndipo ulinganisho ninaouandika hapa utakufaa.

Ile ya kiwandani

Watu wengi wanaitoa bila kujua ni kitu gani. Tangu enzi za Pijo 404, iliyoingia sokoni mwaka 1960, Peugeot walikuwa wameshaachana na feni inayozunguka muda wote. Feni imekaa mbele ya pampu ya maji, lakini katikati yake kuna klachi ya sumaku ya umeme. Maji yakifika joto fulani, swichi inapeleka umeme kwenye koili kupitia kaboni ndogo, sumaku inaikamata feni, inazunguka na pampu. Maji yakipoa inaachiwa. Wakati huo magari mengi ya Kiingereza yalikuwa na feni iliyofungwa moja kwa moja, inayokula nguvu ya injini usiku na mchana, mlimani na mtelemkoni.

Sina shaka na kazi yake. 404 ilishinda Safari Rally mwaka 1963, kisha miaka mitatu mfululizo, 1966 hadi 1968, na mara mbili kati ya hizo aliyekuwa kwenye usukani ni Bert Shankland wa hapa hapa Tanzania. 504 ikashinda 1975 na 1978. Magari ya mashindano huandaliwa kwa namna yake, lakini mtu asikwambie kwamba Pijo lilizaliwa likichemsha. Linalochemsha leo lina kitu kilichochakaa, na mara nyingi ni hiyo klachi: kaboni imeisha, waya wa koili umekatika, au pengo kati ya sumaku na sahani ya feni, ambalo linatakiwa liwe chini ya milimita moja, limepanuka. Mafundi wetu wakikuta hivyo huikaza feni na pampu kwa bolti moja kwa moja, basi. Ukifungua boneti ukaona feni inazunguka hata asubuhi injini ikiwa ya baridi, ujue lako limeshafanyiwa.

Ubora wa feni hii ni kwamba haiombi umeme mwingi, koili yake inakula kidogo tu, na haihitaji kutoboa wala kukata kitu. Udhaifu wake ni mmoja, na hauna dawa: inazunguka kwa kadiri ya injini. Gari likiwa sailensi, yaani linanguruma bila kukanyagwa mafuta, mizunguko 800 hivi kwa dakika, nayo inazunguka pole pole wakati huo huo ambao unaihitaji kuliko wakati wote. Miaka ya sabini hapakuwa na foleni ya saa nzima ya kutoka Buguruni kwenda Tazara. Leo ipo. Feni ya umeme haijali injini iko kwenye mzunguko gani, ikiwashwa inatoa nguvu yake yote, na hiyo ndiyo sababu ya pekee ya maana ya kubadilisha. Ukisikia sababu ya kwamba utaongeza nguvu za farasi, ipunguze sana. Kwenye 504 ambayo klachi yake inafanya kazi, hutasikia tofauti.

Kama gari lako ni la Jumapili na la maonyesho, na klachi inaweza kutengenezeka, mimi ningeitengeneza na kuiacha. Kama ni la dizeli, nalo likiwa sailensi hutoa joto dogo tu, basi huna hata haja ya kuendelea kusoma.

Ya Kichina, ya kwenye boksi

Hii ndiyo utakayopewa ukiuliza "feni ya rejeta" karibu duka lolote la spea, Dar au Nairobi. Inchi 12, 14 au 16, mapanga ya plastiki, na mfuko wa vipini vya plastiki vya kuifungia. Bei yake ni rahisi mno ukilinganisha na nyingine zote humu. Boksi linaweza kukuahidi futi za ujazo zaidi ya 2,000 za hewa kwa dakika.

Geuza boksi, tafuta wati. Mara nyingi utakuta 80. Gawanya 80 kwa volti 12, unapata ampea 6.7. Sasa linganisha na feni ya Spal ya inchi 16 inayotoa takriban futi hizo hizo 2,000: yenyewe inakula karibu ampea 20. Upepo hautoki hewani hivi hivi, unalipiwa kwa umeme. Feni inayodai kufanya kazi ile ile kwa theluthi ya umeme inakueleza jambo lisilowezekana. Tena hesabu hizo hupimwa feni ikipuliza mahali pa wazi, bila kitu mbele yake. Ukiisukumizia kwenye rejeta nene ya shaba ya 504, yenye mapezi yaliyobanana na vumbi la miaka, mota dhaifu inazunguka kwa kelele na hewa haipiti.

Kwa hiyo ukinunua feni, usisome inchi wala futi. Soma ampea. Kama haikuandikwa, mwombe muuzaji aiunge kwenye betri na upime kwa mita ya kubana waya. Mita hiyo kila fundi umeme anayo.

Ubaya wa pili ni vile vipini. Vinapitishwa katikati ya mapezi ya rejeta, vinakazwa nyuma kwa kibati kidogo na springi, na uzito wote wa feni unaning'inia hapo. Kwenye lami ya Ulaya huenda vikadumu. Kwenye matuta yetu feni inatikisika kila sekunde, na kipini kinakuwa msumeno. Feni yangu ya kwanza ilikuwa ya aina hii. Baada ya miezi minne niliichungulia kwa tochi nikaona vidoa vinne vya kijani, kila kimoja kama punje ya mchele, mahali palepale vipini vilipopita. Ile ilikuwa kutu ya shaba: maji yalikuwa yameanza kupenya. Rejeta niliyotoka kuisafisha ikarudi kuchomelewa. Kama ni lazima ufunge feni hii, mwambie fundi akutengenezee mikono ya bati pana inayoshika fremu ya rejeta juu na chini, na vile vipini uvitupe.

Haimaanishi haina kazi kabisa. Kama una kiyoyozi na umebakiza feni ya kiwandani, hii ya Kichina ya inchi 12 ikikaa mbele ya kondensa (ile rejeta ya kiyoyozi) kama msaidizi inatosha. Ila usiikabidhi injini yote.

Ya Spal

Ni ya Italia, inatengenezwa Correggio, na watu wa magari ya mashindano na mabasi wanaijua. Mota imezibwa, maji na vumbi haviingii, na karatasi ya vipimo inayokuja nayo ina ampea na kiasi cha hewa kwa kila shinikizo, si tarakimu moja ya kupamba boksi. Kuna za mapanga yaliyonyooka, zenye kelele zaidi kidogo, na za mapanga yaliyopinda, tulivu zaidi. Nyembamba zina unene wa sentimita 5 hivi, zenye nguvu karibu 9. Ukishatoa feni ya kiwandani kwenye 504, pima nafasi iliyobaki kati ya rejeta na pua ya pampu kabla hujaagiza, na uache upenyo, kwa sababu injini hucheza kwenye raba zake.

Kwa ubora sina neno. Tatizo ni kwamba inabidi uagize nje, ulipe usafiri na ushuru, na bandia zipo nyingi. Na kuna jambo ambalo wanaoagiza wanalisahau: inakuja feni peke yake, bila kava. Tuseme rejeta yako ina upana wa sentimita 65 na kimo cha 42. Eneo lake ni sentimita za mraba 2,730. Feni ya inchi 16 inafunika takriban 1,300. Hiyo haifiki nusu. Ukiifunga kavu juu ya rejeta, itavuta hewa mbele ya duara lake tu, na pembe zote nne zitakaa bila kazi gari likiwa limesimama. Lazima umpe fundi bati atengeneze kava linalofunika rejeta nzima, lenye kina cha sentimita chache ili hewa ya pembeni ipate njia ya kufika kwenye feni. Ongeza gharama hiyo kwenye hesabu yako.

Ya mtumba kutoka gari la Kijapani

Nimefika kwenye niliyonayo, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Kila wiki magari ya Kijapani yanachinjwa, na mbele ya kila moja kuna feni iliyoundwa na wahandisi waliojua itakaa nyuma ya kondensa, kwenye foleni, kiyoyozi kikiwaka, kwa miaka kumi na tano. Kava lake limeshafinyangwa. Mota zake mara nyingi ni za kampuni ya Denso. Unaikuta Gerezani, na kwa ndugu zetu wa Nairobi ipo Kirinyaga Road, wanapopaita Grogan. Bei ni juu kidogo ya ile ya Kichina na chini sana ya Spal.

Nenda na futi ya kupimia, na kipimo cha rejeta yako kikiwa kimeandikwa kwenye karatasi. Usiulize "feni ya gari gani", uliza kava la upana gani. Mimi nilichukua kava la Camry lenye feni mbili. Lilizidi upana wa rejeta yangu kwa vidole viwili upande mmoja, tukalikata kwa msumeno na kuziba ubavu kwa bati la aluminiamu na raba ya mlango. Kabla hujalipa, zungusha kila feni kwa kidole: iwe laini, isikwaruze. Shika panga ulitikise mbele na nyuma, likicheza sana bushi zimekwisha. Kisha iungwe kwenye betri pale pale na upime ampea. Zangu mbili kwa pamoja zilisoma 17. Hapo nikajua nanunua upepo wa kweli.

Na feni mbili zina faida ambayo moja haina. Ukiziunga mfululizo, umeme ukitoka kwenye moja uingie kwenye nyingine, kila moja inapata nusu ya volti na zinazunguka taratibu, kimya, kwa umeme mdogo. Ukiziunga sambamba zinapata volti zote na zinavuma. Wajapani wenyewe wanafanya hivyo kwa rilei tatu (rilei ni swichi inayoamshwa kwa umeme mdogo ili ipitishe mkubwa). Fundi umeme mwenye subira anaweza kukutengenezea: swichi ya joto la chini inawasha mwendo wa taratibu, ya joto la juu inawasha mwendo mkali. Siku nyingi za mjini, zangu hazivuki mwendo wa taratibu.

Ubaya wake? Kava linalofunika rejeta nzima linazuia kidogo upepo wa barabara ukiwa kwenye mwendo mkali. Makava mengine yana vipande vya raba vinavyofunguka vyenyewe upepo ukizidi, ukiyakuta chukua. Na kwa mtu anayejali sura ya gari chini ya boneti, plastiki nyeusi ya Toyota nyuma ya injini ya Pijo inaumiza macho. Nakubali. Mimi nilichagua kufika.

Umeme: hapa ndipo wengi wanapoharibu

Feni nzuri kwenye waya mbaya ni sawa na feni mbaya. Alteneta za zamani za 504 si kubwa. Chukulia ya ampea 35: ukiwa kwenye foleni usiku, mvua inanyesha, taa kubwa mbili zinakula ampea 9 hivi, waipa 4 au 5, uwashaji wa injini 4 au 5, halafu feni inataka 17 au 20. Umeshafika mwisho, na gari likiwa sailensi alteneta haitoi hata hizo 35 zake. Betri ndiyo inayojazia, kimya kimya, mpaka ukizima gari haliwaki. Ukifunga feni inayokula zaidi ya ampea 15, badilisha alteneta. Wenye Morris Minor na Land Rover za mwanzo zenye dinamo ya Lucas C40 wako pabaya zaidi: inatoa ampea 22 tu. Baadhi ya hizo pia zina ethi, yaani waya wa betri unaokwenda kwenye bodi, upande wa chanya, na feni ukiiunga kwa mazoea itazunguka kinyume.

Umeme wa feni usipite kwenye swichi ya dashibodi wala swichi ya joto. Upite kwenye rilei. Namba ziko chini ya rilei yenyewe: 30 inatoka betri kupitia fyuzi, 87 inakwenda kwenye feni, 85 na 86 ni za kuiamsha. Kwa feni ya ampea 20 weka waya wa milimita za mraba 4 na fyuzi ya 30, maana inapoanza kuzunguka hunywa mara mbili tatu ya kawaida yake. Fyuzi ikae karibu na betri. Ethi ya feni iende kwenye bodi mahali palipokwanguliwa rangi mpaka bati likang'aa.

Swichi ya joto inayopatikana kirahisi ni ya Volkswagen za zamani, uzi wa milimita 22, inayowasha karibu nyuzi 95 na kuzima karibu 84. Angalia themostati yako inafunguka kwenye ngapi. Kama ni 82, swichi izime juu ya hapo, la sivyo feni haitazima kamwe. Hivyo vipima joto vyenye ncha ya kuchomeka kwenye mapezi, mimi sivitaki. Vinachomoka, na gari linachemsha huku kipimo kinaning'inia hewani kikisoma ubaridi. Ongeza na swichi ya mkono ya kuwasha kwa lazima, na ya kuzima unapovuka maji, feni isije ikayarusha kwenye distribyuta.

Feni ikiungwa moja kwa moja na betri inaweza kuwaka yenyewe hata funguo iko mfukoni mwako. Wafundishe watoto na fundi yeyote anayefungua boneti.

Ningekushauri hivi

504 ya kila siku mjini: feni mbili za mtumba na kava lake, alteneta kubwa, rilei. Ya safari ndefu, ya mtu anayepanda mlima wa Kitonga, kule Iringa, mara kwa mara nyuma ya malori na ana hela: Spal ya inchi 16 iliyotengenezewa kava, kwa sababu mota iliyozibwa inavumilia vumbi kuliko ya mtumba. Ya kuhifadhi: klachi ya kiwandani itengenezwe. Na feni uliyoitoa, yoyote ile, usiiuze chuma chakavu. Yangu nimeipaka grisi, nimeifunga gazeti, iko chini ya kitanda pamoja na bolti zake tatu.

Ukishafunga, kabla fundi hajaondoka, mwambie awashe feni injini ikiwa imezimwa. Chukua karatasi moja ya daftari, isogeze mbele ya rejeta, upande wa grili. Ikivutwa ikanata kwenye mapezi, sawa. Ikipeperuka kukurudia usoni, waya zimegeuzwa. Kisha ihamishe karatasi mpaka kwenye pembe nne za rejeta, moja baada ya nyingine. Kwangu pembe ya chini kushoto iligoma kunata. Tukakuta raba ya mlango imeachia pale tulipokata kava, upenyo wa kidole, tukaikaza upya, karatasi ikanata.